Debe la theluji lina kilo ngapi?

Jumamosi ya Januari 28, 2006, wafugaji wa njiwa kutoka pembe zote za Poland na nchi jirani walikusanyika kwenye ukumbi mkubwa wa maonesho mjini Chorzów, pua na mdomo na jiji la Katowice. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Ndani kulikuwa na safu za vizimba, njiwa wa kila rangi, na mazungumzo yasiyokwisha ya watu wanaopenda kitu kimoja: nani ana ndege wa mbio, nani anauza, nani kashinda mwaka jana. Familia zilikuja na watoto. Ilipofika saa 11:15 jioni, paa likawaangukia.

Watu 65 walikufa na zaidi ya 170 walijeruhiwa. Waokoaji walifanya kazi usiku kucha katika baridi ambayo yenyewe ilitosha kumuua majeruhi aliyebanwa chini ya vyuma.

Kilicholemea paa lile hakikuja kwa kishindo. Si kimbunga, si tetemeko, si bomu. Ni theluji, kitu ambacho ukikipokea kiganjani hukisikii uzito, na kabla hujakitazama vizuri kimeshakuwa tone la maji. Ilidondoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ikalala, ikaganda, ikafunikwa na nyingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Juu ya paa la Chorzów kibaba kilijaa, na hakuna aliyepanda kukipima.

Nchi zenye majira ya baridi kali zina fani nzima inayoshughulika na kupima kibaba hicho kabla hakijajaa: kukadiria mzigo wa theluji juu ya paa. Ni kazi isiyoonekana. Ikifanywa vizuri hakuna anayeijua. Ikifanywa vibaya, magazeti hujaa majina ya marehemu. Nimeisoma kwa muda mrefu, na kila nikiirudia naona inafundisha jambo linalomhusu kila anayejenga, awe kwenye theluji au kwenye joto la Dar es Salaam.

Uzito usioonekana kwa macho

Anza na debe, lile la lita 20 tulilozoea sokoni. Muuza nafaka na muuza mkaa wanajua kwamba debe ni debe kwa ujazo tu. Kwa uzito, debe la mahindi na debe la mkaa ni vitu viwili tofauti. Theluji ni hivyohivyo, isipokuwa yenyewe hubadilika uzito ikiwa ndani ya debe lilelile.

Theluji iliyodondoka asubuhi hii, laini kama pamba, huwa na takriban kilo 100 kwa kila mita ya ujazo. Debe lake ni kilo 2. Ikilala siku chache hujishindilia, ikafika kilo 200, na debe likawa kilo 4. Ikikaa wiki na miezi hufika kati ya kilo 250 na 350, yaani debe la kilo 5 hadi 7. Ikiloa maji hufika kilo 400, debe la kilo 8. Ikigeuka barafu tupu, debe lina kilo 18.

Sasa ondoa debe, weka paa. Chukua ukumbi wenye paa la hekta moja, mita za mraba 10,000, na theluji ya kina cha sentimita 40. Ikiwa mpya, kila mita ya mraba imebeba kilo 40, na paa zima limebeba tani 400. Ikiwa imeloa, kina hichohicho kinakuwa kilo 160 kwa mita ya mraba, na paa zima tani 1,600. Ni tofauti kati ya mizigo ya malori 40 ya tani kumi na mizigo ya malori 160. Na mtu aliyesimama chini, akitazama juu, anaona kitu kilekile: blanketi jeupe la sentimita 40.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawaulizi tu theluji ina kina gani. Huuliza ingeyeyuka yote ingetoa maji kiasi gani. Hapo hesabu inakuwa nyepesi, kwa sababu milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Theluji yenye maji ya milimita 120 ina kilo 120 kwa mita ya mraba, iwe imelala kwa kina cha mita moja au nusu yake. Ni milimita zilezile anazozitaja mtangazaji wa hali ya hewa anaposoma kiasi cha mvua.

Mmoja wa waliotufundisha kupima hivyo hakuwa mhandisi. James Church alikuwa profesa wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akipanda Mlima Rose wakati wa baridi, na akabuni bomba refu la chuma lenye meno upande wa chini. Unalizungusha ndani ya theluji mpaka liguse ardhi, unalitoa likiwa na mche mzima wa theluji ndani yake, unalining'iniza kwenye mizani. Uzito wa bomba tupu unautoa, kinachobaki ndicho jibu. Alitaka kujua maji yatakayoteremka bondeni majira ya joto yatakapofika, lakini wazo lake ndilo lilelile analolihitaji mwenye paa: theluji haikadiriwi kwa macho, inapimwa kwa mizani.

Kutoka ardhini hadi paani

Vituo vya hali ya hewa hupima theluji iliyolala ardhini, kwa miaka mingi, na kutoka hapo huchorwa ramani ya nchi inayoonesha kila eneo libebe mzigo gani. Mhandisi hufungua ramani hiyo, akatafuta mji wake na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari, akapata namba ya kuanzia. Lakini paa si ardhi. Kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, ziitwazo Eurocode, humtaka aizidishe namba hiyo kwa vigezo vitatu: kwa umbo la paa, kwa upepo wa mahali, na kwa joto linalotoka ndani ya nyumba.

Umbo kwanza. Paa bapa, au lenye mteremko usiozidi nyuzi 30, huhesabiwa kubeba asilimia 80 ya theluji ya ardhini. Mteremko ukizidi hapo, mzigo hupungua hatua kwa hatua. Kwenye nyuzi 45 umebaki asilimia 40, na kuanzia nyuzi 60 huhesabiwa kuwa sifuri, kwa kuwa theluji huteleza yenyewe. Ukitazama nyumba za zamani za milimani Ulaya zenye mapaa yaliyosimama kama mikono ya mtu anayeomba dua, ujue mafundi wake waliifahamu hesabu hii kabla haijaandikwa. Ila kuna sharti: mwenye nyumba akiweka vizuizi pembeni mwa paa ili theluji isimwangukie mpita njia, theluji haitelezi tena, na punguzo linafutwa.

Upepo ni jambo la pili. Kwenye uwanda ulio wazi hulifagia paa. Mahali palipozungukwa na miti au majengo marefu huiacha theluji ilale. Ila upepo unaofagia hapa hurundika pale. Huichukua theluji kwenye paa la juu na kuimwaga kwenye paa la chini lililo ubavuni, au kuisukumia nyuma ya ukuta mfupi wa ukingoni. Sehemu hiyo inaweza kubeba mara kadhaa ya mzigo wa sehemu nyingine za paa hilohilo. Maana yake ni kwamba jirani yako akiongeza ghorofa mbili, paa lako limepata mzigo mpya ingawa wewe hukugusa hata msumari.

Hata kwenye paa la kawaida la pande mbili, jua na upepo haviigawi theluji kwa haki. Kwa hiyo mhandisi hulazimika kukagua pia hali ambayo upande mmoja umejaa na mwingine una nusu tu. Kenchi inayostahimili mzigo mkubwa uliosawazika inaweza kuteguka kwa mzigo mdogo ulioegemea upande mmoja, kama mbeba maji wa mzegazega anayeyumba debe moja likimwagika.

Jambo la tatu, joto, ndilo linalowashangaza wengi. Nyumba inayovujisha joto huyeyusha theluji juu yake. Siku hizi watu wanaziba dari zao kwa tabaka nene za kuzuia baridi, wapate kupunguza gharama za kupasha moto, na wanafanya vyema. Lakini paa lililokuwa likijisafisha lenyewe kwa miaka 60 sasa linabaki baridi, na theluji yote inalala juu yake. Fundi aliyejenga kenchi zile hakuujua mzigo huo. Kabla ya kuziba dari ya jengo la zamani, mtu wa kwanza kuitwa anapaswa kuwa mhandisi.

Mvua nayo inakuja na lake. Theluji hunyonya maji kama sifongo, na mvua ya usiku mmoja inaweza kuongeza mzigo bila kuongeza kina hata kidogo. Kanuni ya ujenzi ya Kanada humpa mhandisi namba mbili kwa kila mji: mzigo wa theluji, na mzigo wa mvua itakayonywewa na theluji hiyo.

Miaka 50 si ahadi

Namba iliyoko kwenye ramani za Ulaya imechaguliwa kwa kipimo kimoja: ni mzigo ambao uwezekano wa kuzidiwa katika mwaka wowote ni asilimia 2. Watu hupenda kuuita mzigo wa miaka 50, na jina hilo limewadanganya wengi. Mwenye jengo huambiwa theluji kubwa namna hiyo huja mara moja katika miaka 50, naye husikia kwamba yu salama kwa miaka 50.

Sivyo. Inaweza kuja mwaka huu na ikarudi mwakani. Na ukifanya hesabu kwa jengo litakalosimama miaka 50, uwezekano wa mzigo huo kuzidiwa angalau mara moja ni takriban asilimia 64. Kwa maneno mengine, jengo litakaloishi umri wake wote lina nafasi kubwa zaidi ya kukutana na theluji hiyo kuliko ya kuikosa.

Kwa sababu hiyo kanuni haziishii hapo. Eurocode humtaka mhandisi auzidishe mzigo huo kwa moja na nusu anapokagua uimara wa jengo, na wakati huohuo ahesabu chuma na mbao kuwa dhaifu kuliko zinavyodhaniwa. Akiba hiyo si anasa. Ni heshima kwa yale ambayo binadamu hawezi kuyajua: fundi atakayekaza bolti vibaya, maji yatakayopenya, baridi ya mwaka ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuuona.

Na ni akiba inayoliwa kimyakimya. Wengi wanaosimulia ajali za mapaa husema theluji ilikuwa nyingi mno. Ukizisoma ajali zenyewe unakuta hadithi nyingine.

Mapaa yaliyosema mapema

Mjini Hartford, Marekani, ukumbi wa michezo ulifunguliwa mwaka 1975 ukiwa na paa la mtandao wa vyuma lenye ukubwa wa karibu hekta moja. Wasanifu wake walitumia kompyuta, jambo la fahari kwa wakati ule. Wakati wa ujenzi, vipimo vilionesha paa limebonyea karibu mara mbili ya kile hesabu ilichotabiri. Onyo lilitolewa, jibu likawa kwamba hakuna shida. Alfajiri ya Januari 18, 1978, mnamo saa 10:15, paa zima lilishuka likiwa na theluji pungufu ya ile lililopaswa kuibeba. Saa chache tu kabla, watu wapatao 5,000 walikuwa wamekaa chini yake wakitazama mpira wa kikapu. Hakufa mtu hata mmoja, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, si la kumsifu mhandisi.

Bad Reichenhall, Ujerumani, hawakupata bahati hiyo. Januari 2, 2006, siku 26 tu kabla ya Chorzów, paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu lilianguka alasiri, watoto wakiwa uwanjani. Walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa watoto na vijana. Mazoezi ya hoki ya siku ile yalikuwa yameshaahirishwa kwa sababu ya theluji iliyoko juu; wateleza wa kawaida waliachwa waendelee. Uchunguzi ulikuta kwamba theluji ya siku ile haikuzidi kiwango kilichoruhusiwa. Boriti za mbao, zilizodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ziliunganishwa kwa gundi isiyopatana na unyevu, ndani ya jengo ambalo kazi yake ni kuwa na unyevu. Gundi ilikuwa imechoka miaka mingi. Theluji ilikuja kumalizia tu.

Januari 28 ya mwaka 1922 nayo ilikuwa Jumamosi. Jijini Washington theluji ilikuwa imefika sentimita 71, na watu waliojikongoja hadi jumba la sinema la Knickerbocker walikuwa wakitazama filamu ya kuchekesha paa bapa la jumba hilo lilipowaangukia, mnamo saa 3 usiku. Walikufa watu 98, wakajeruhiwa 133. Jumba lilikuwa halijatimiza hata miaka mitano. Msanifu wake, Reginald Geare, alijiua mwaka 1927, na mwenye jumba, Harry Crandall, akajiua mwaka 1937. Miaka 84 kamili baadaye, Jumamosi kama ile, tarehe ileile, ikaja zamu ya Chorzów.

Na paa la Chorzów nalo lilikuwa limesema. Mwaka 2002, miaka minne kabla ya maafa, lilipinda kwa theluji. Likakarabatiwa, maisha yakaendelea. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ufa ulizibwa, lakini hakuna aliyeuliza ukuta ule umejengwa vipi hata ukapasuka. Kesi iliyofuata ilibainisha makosa ya usanifu pamoja na uzembe wa kuacha theluji na barafu juu ya paa, na watu kadhaa walitiwa hatiani, akiwamo msanifu.

Poland ilijifunza kwa gharama hiyo. Mwaka huohuo wa 2006 viwango vya mzigo wa theluji viliongezwa, na mwaka 2007 sheria ya ujenzi ikarekebishwa: kila jengo lililokalia eneo linalozidi mita za mraba 2,000, na miundo mingine yenye paa linalozidi mita za mraba 1,000, lazima vikaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mwisho wa Mei na kabla ya mwisho wa Novemba. Yaani baridi inapokwisha, kuona imeacha jeraha gani, na kabla haijarudi.

Neno kwa walio chini ya paa

Ninaiandika makala hii kwa Kiswahili kwa sababu leo wapo Waswahili wengi wanaoishi chini ya mapaa yenye theluji: Minnesota, Toronto, Oslo, Helsinki. Wengi huswali, husali, hufunga ndoa na hufanya matanga kwenye kumbi za kukodi, na baadhi ya kumbi hizo ni maghala ya zamani yaliyogeuzwa matumizi, yenye mapaa bapa na mapana. Anayekodi huuliza bei, choo na maegesho. Aulize pia paa lilikaguliwa lini, na nani huondoa theluji.

Tena jengo huzungumza kabla ya kuanguka. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri unaanza kukwama. Dari inabonyea. Ufa mpya unajitokeza ukutani, maji yanavuja pasipovuja, vyuma au mbao zinalia juu ya vichwa vya watu. Ukiona au kusikia hayo wakati wa theluji, usimsubiri mwenye jengo, wala usipande juu na koleo. Toa watu kwanza, halafu ita wanaohusika. Na anayeondoa theluji aiondoe kwa zamu pande zote. Kuumaliza upande mmoja na kuuacha mwingine umejaa ni kulitega paa alilotaka kulinusuru.

Kwetu Afrika Mashariki theluji ni ya kileleni tu, kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, na hakuna mhandisi wa Nairobi au Mwanza anayeitia kwenye hesabu zake. Lakini tangi la maji la lita 10,000 lililopandishwa juu ya zege baada ya ramani kupitishwa ni tani 10, lori zima, na ghorofa iliyoongezwa bila kumuuliza aliyekokotoa nguzo ni zaidi ya hapo. Mzigo ni mzigo. Ulioongezwa kimyakimya juu ya watu wasiojua huua vilevile, uwe mweupe au uwe wa saruji.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliye na ufunguo wa ukumbi wowote mahali theluji inapodondoka: debe lako lina kilo 2 siku ya kwanza, na litakuwa na kilo 8 likinyeshewa, ilhali kwa macho ni debe lilelile. Lipime kabla hujawafungulia watu mlango.